Jacaranda ama mukinduri?

Huku kwetu Eastlands, Nairobi, wakaazi wameamua mtaa uwe na mti wake, uchorwe kwa geti na upandwe kando ya barabara yote ya ndani, na sasa imebaki miwili: jacaranda na mukinduri, ule wanaouita croton kwa Kiingereza. Mugumo, ule mti mtakatifu wa Wakikuyu, ulitoka mapema. Watu waliukumbuka ule wa Waiyaki Way uliookolewa 2020 barabara ya Expressway ikijengwa, wakaupigia makofi, halafu fundi wa mabomba akauliza hiyo mizizi itapita wapi.

Wa jacaranda wana hoja, siwezi wadharau. Kuanzia Septemba hivi mpaka Novemba Nairobi inageuka zambarau, hata mtu amechelewa kazi anasimama apige picha. Eti ni mti mgeni, umetoka Amerika Kusini? Hiyo kwangu si hoja, mahindi pia yalivuka bahari na sijaona mtu akirudisha ugali.

Lakini ukiuliza watu mti gani ni mzuri watakwambia jacaranda, waulize sasa jana saa nane jua likiwaka walikuwa wamejibanza chini ya upi. Watu wa boda pale steji wako chini ya mukinduri, mama wa viazi karai ako hapo, anayengoja matatu ako hapo, na wengi hata jina hawalijui, jirani yangu anauita "ule wa majani meupe kwa chini". Wakamba wanauita muthulu. Ni wa hapa hapa Afrika Mashariki, ukame unauvumilia, na mbegu zake zina mafuta, kule Nanyuki zimekuwa zikinunuliwa kwa wakulima zikamuliwe.

Halafu kuna hii ya mbuzi, ambayo mkutanoni ilichekwa na mimi naona ndiyo kubwa kuliko zote. Mbuzi wa mtaa tunawajua, hawana mwenyewe mpaka mmoja agongwe na gari. Tumepanda miti mara ngapi hapa, miche, tisheti, picha, soda, na baada ya wiki mbili ni vijiti tu vimesimama kama mswaki? Majani ya mukinduri ni machungu, mbuzi ananusa anapita. Mche kama huo hauhitaji sengenge wala askari wa kulipwa, na sisi hata pesa ya taka tunachanga kwa kusukumwa.

Sisemi hauna kasoro. Ukiachwa unapita mita 30, hapo utagombana na waya za stima, na zile mbegu ngumu zikianguka kwa mabati usiku utadhani mtu anakurushia mawe. Maua yake nayo, wacha tu, hakuna mtu ataenda kupigia picha ya harusi hapo.

Kura ni Jumapili saa nane. Holi imekodishwa kwa ruracio, sherehe ya mahari, ya watu, kwa hivyo tutakutana pale steji, chini ya mti.