Pointi Moja, Ndoo Moja

Jirani yangu wa chini ni shabiki wa Springboks, timu ya raga ya Afrika Kusini, na televisheni yake inaitangulia simu yangu kwa sekunde ishirini hivi. Kwa asiyefuatilia raga, hilo si neno. Kwangu mimi mfuasi wa All Blacks wa New Zealand, usiku wa tarehe 28 Oktoba 2023 nilitazama fainali ya Kombe la Dunia huku nikiwa na mpiga ramli chini ya sakafu. Handré Pollard, mpigaji wao wa penalti, hajaanza hata kuukimbilia mpira, huko chini watu wanashangilia. Penalti nne za pointi tatu tatu, zote ndani, na zote nimesikia kabla ya kuona. Nahodha wetu Sam Cane alipopewa kadi ya njano, ikapandishwa kuwa nyekundu, nilijua kwa mlio wa sufuria. Mapumziko: 12–6, wao mbele.

Nikaingia chumbani kutafuta pamba. Mke wangu, nusu usingizini, akaniambia jambo kuhusu bomba la bafuni na beseni. Nikaitikia ile "sawa" yetu waume, nikaziba masikio, nikarudi kwenye simu.

Raha iliyoje! Dakika ya 58 Beauden Barrett wetu akafunga trai, yaani akaugusisha mpira chini nyuma ya mstari wao, pointi tano, bila mtu kunitabiria. Mkwaju wa kuongezea pointi mbili ukapita pembeni, ikawa 12–11. Dakika ya 73, Cheslin Kolbe akaupangua mpira kwa mkono makusudi: kadi ya njano kwake, penalti kwetu. Maskini akaenda kuketi kwenye kiti cha adhabu na kujifunika uso kwa jezi. Jordie Barrett akauweka mpira mbali, karibu na katikati ya uwanja. Nami nikaanza kuhisi ubaridi nyayoni. Nikajisemea, basi ndivyo presha inavyoanza.

Mpira ukapita nje ya nguzo. Nilipoinamisha kichwa kwa uchungu ndipo nikaona ndala yangu moja inaelea.

Mlango ulikuwa unatikisika. Nikafungua: jirani, jezi ya kijani imemganda mwilini, ndoo mkononi, midomo inacheza. Nikajua amekuja kunizomea.

"Mzee wangu, mechi haijaisha. Rudi kwako!"

Akaninyofoa pamba ya sikio la kulia kwa mkono wake mwenyewe. "Maji! Dari langu linanyesha! Nimezima televisheni!" Kisha, kwa sauti ya chini kidogo: "Barrett alipata ile penalti?"

Usiku mzima yeye ndiye alikuwa akijua kabla yangu.

"Imeingia," nikamwambia. "Katikati kabisa."

Akaegemea mlango kama gunia. Furaha yangu ilidumu mpaka alipoinyakua simu na kuona matokeo. Hakunitukana. Alinitazama tu, kisha akasimama begani kwangu, nasi tukatazama dakika zilizobaki ndani ya maji, kila mmoja kamshika mwenzake mkono bila kujua. Hakuna aliyekumbuka bomba. Nasema hili kwa aibu. Mke wangu ndiye aliyeamka akalifunga, akatuangalia, akaturushia matambara, akarudi kulala bila neno.

Kipenga kikalia. 12–11. Jirani akaruka, na aliposhuka akanilowesha hadi kifuani.

Tulideki hadi usiku wa manane. Kila nikikamua tambara nilikuwa na hoja mpya. "Tulikuwa watu kumi na wanne!" Nakamua. "Kipindi cha pili hamkupata hata pointi moja!" Nakamua. "Na ule mkwaju, upepo..."

"Kamua, jirani," alinijibu kila mara, kwa upole unaokera kuliko matusi.

Alipoondoka, kwa uchovu, aliacha ndoo yake akabeba yangu. Aliirudisha kesho yake asubuhi, safi, imekaushwa, na ubavuni kaandika kwa kalamu nene: 12–11. Nimesugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa mafuta ya taa. Inasomeka vizuri tu.