Msimwambie asali tu, nendeni kwake

Jumapili iliyopita baada ya misa ya kwanza nilikuwa nje chini ya mwembe nasubiri boda, nikamsikia binti mmoja, mwalimu mpya, hata miezi mitano hajamaliza hapa Mtwara, anamwambia mzee mmoja wa kanisa kwamba usiku halali, anajiona yuko peke yake mno. Mzee akamjibu, "Mwanangu zidisha sala, anayesali hawezi kuwa mpweke." Akamgusa bega akaenda zake. Binti kabaki kasimama na kitabu chake cha nyimbo mkononi. Niliondoka na hasira na mpaka leo ninayo.

Jamani, kwani Eliya alikuwa hasali? Fungueni 1 Wafalme 19. Nabii aliyeomba moto ukashuka Karmeli, muda si mrefu huyo yuko jangwani chini ya mti anaomba afe, baadae analalamika kabaki yeye peke yake. Mungu hakumwambia azidishe sala. Alimpelekea mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena, halafu ndo akamwambia wako wengine 7,000 Israeli ambao hawajampigia Baali goti, na akampa Elisha awe naye. Chakula, usingizi, mtu wa kuwa naye.

Hili naliongea kwa uchungu kwasababu limenipata. Miaka sita iliyopita nilishuka stendi hapa natokea Mbeya, simjui mtu, nikapanga chumba Chikongola. Nilikuwa naenda dukani mara tatu kwa siku nanunua sukari robo robo ili tu yule muuzaji anisalimie. Na nilikuwa nasali, kila usiku. Kuna siku rozari pekee ndiyo ilinifikisha asubuhi, siwezi kuikana. Lakini asubuhi ikifika chumba ni kilekile.

Msimu wa korosho ukaingia, mama mwenye nyumba kaenda shambani Newala, mimi malaria ikanilaza siku tatu mlango umefungwa. Jumuiya, yaani kile kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba kila wiki, nilikuwa nimehudhuria mara mbili tu, na zote nilichelewa. Jumamosi wakati wanasali mama mmoja akauliza, yule kijana mgeni mbona simuoni? Hakuna aliyejua. Akaja mwenyewe, akapiga "Tumsifu Yesu Kristo" pale mlangoni, sauti ya kujibu sina, akausukuma mlango akaingia. Baada ya hapo mmoja kanipeleka hospitali, mwingine kafua mashuka, yule mama jioni kaja na uji, na nilipopata nafuu akaniletea ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini inayoliwa huku Kusini, mara yangu ya kwanza kuila. Jumamosi iliyofuata wakahamishia jumuiya chumbani kwangu, watu saba, wengine kitandani wengine chini, wakasoma Injili ya Jumapili, wakaimba, mimi nikapitiwa na usingizi katikati ya wimbo. Nililala vile ambavyo sikuwa nimelala tangu nifike.

Zaburi 68 inasema Mungu huwakalisha wapweke nyumbani. Nyumbani ni mahali ambapo usipoonekana mtu anauliza uko wapi! Na ndiyo maana maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, mwaka 1976 walizitanguliza jumuiya ndogo ndogo, maana kwenye misa ya watu mia nane unaweza kuingia na kutoka bila mtu kujua kama umekula. Hata watawa pale Ndanda, wapo tangu 1906, wameacha kila kitu ila hawajaacha kuishi pamoja, kengele ikilia wanakwenda kusali wote.

Najua mtasema michango. Ni kweli, kuna nyumba watu wanaikumbuka siku ya bahasha tu, na wapo waliokimbia kwasababu hiyo, siwalaumu. Maneno maneno nayo yapo. Lakini mimi sijaona kingine kinachofika mlangoni kwa mgonjwa asiye na ndugu mji huu haraka kama jumuiya ikiamua.

Jumatano nilienda na mama mwenyekiti wetu mpaka anapokaa yule binti. Alifungua mlango akabaki anatuangalia, halafu akaanza kulia kabla hatujasema tumefuata nini. Mama akamwambia, "Mwanangu, Jumamosi jumuiya ni kwako." Akasema ana kiti kimoja tu. Mama akamjibu mikeka tutakuja nayo.