Begi moja la kubeba kila kitu? Mimi nakataa

Wapiga picha wanaoanza kupata kazi za harusi huuliza swali moja: "Begi gani litaingiza vifaa vyangu vyote?" Swali hilo limekaa vibaya tangu mwanzo. Begi la namna hiyo lipo na linauzwa, lakini ukilijaza utalichukia kabla msafara wa bwana harusi haujafika ukumbini.

Tupige hesabu. Chukua mpiga picha wa harusi wa Dar es Salaam au Mombasa anayetumia Canon. Ana bodi mbili (yaani kamera bila lenzi) za R6 Mark II, kila moja gramu 670 pamoja na betri na kadi, hivyo zote mbili ni kilo 1.34. Lenzi ya RF (jina la lenzi za kamera hizi) 24-70 f/2.8 ni gramu 900, RF 70-200 f/2.8 ni gramu 1,070, na ile ndogo ya 35 f/1.8 ni gramu 305. Flashi mbili za juu ya kamera pamoja na betri zake zinakaribia kilo moja. Taa ya Godox AD200 na betri yake ni karibu gramu 900. Betri nne za akiba, chaja, triga ya kuwashia flashi kwa mbali, kadi na vitambaa vya kufutia, weka gramu 800. Tayari una kilo 6.3, na hujagusa stendi wala mwavuli. Begi la mgongoni lenye sponji nene lina kilo 2 hadi 3 likiwa tupu. Kwa hiyo unabeba kilo 9 mgongoni saa nane mchana, juani, umevaa suti.

Ukisafiri kwa ndege hesabu inakuwa mbaya zaidi. Emirates na Qatar Airways wanampa abiria wa daraja la kawaida kilo 7 za mkononi. Ndege ndogo zinazokwenda Serengeti na Maasai Mara zina kikomo chao, kwa kawaida kilo 15 kwa mizigo yote, nguo zako zikiwemo, na zinataka mabegi laini yasiyo na magurudumu wala fremu ngumu. Wenye mapenzi na masanduku magumu walifikirie hilo. Sanduku la Pelican 1510 linaingia kwenye vipimo vya mzigo wa mkononi vya mashirika mengi, lakini likiwa tupu lina zaidi ya kilo 5. Umebakiwa na nini? Bodi moja na lenzi moja. Mahali pa sanduku hilo ni nyuma ya gari au ndani ya boti.

Ndiyo maana nasema gawa vifaa makundi mawili kabla hujatazama begi lolote. Kundi la kwanza ni vile ambavyo ungepigia kazi hata kama teksi iliyobeba vingine haikufika: bodi mbili, lenzi tatu, flashi moja, kadi zote na betri. Hilo ndilo begi lako la kazi, nalo njiani halitoki mwilini. Kundi la pili ni taa, stendi, miavuli, nyaya na chaja, ambavyo hukaa kwenye mfuko mrefu wa bei nafuu. Stendi ya taa ya mita mbili ikikunjwa inaweza kubaki na sentimita 70 au zaidi, na hakuna begi la kamera la busara litakaloimeza hiyo. Ukiifunga ubavuni mwa begi ukapanda bodaboda, ncha yake ndiyo itakayosalimiana na kioo cha gari la jirani.

Sasa chukua rula. Vipimo vinavyoandikwa kwenye lebo ya begi mara nyingi ni vya nje. Sponji ya sentimita moja hadi moja na nusu kila upande inakula sentimita 2 hadi 3 za nafasi uliyodhani umenunua. Na kipimo kinachowaponza watu kuliko vyote ni kina, yaani umbali kutoka mgongoni hadi kwenye kifuniko. Mabegi mengi membamba yana sentimita 12 au 13 tu ndani. R6 Mark II ina kimo cha karibu sentimita 10, kwa hiyo inalala bila shida. Nikon Z9 ina upana wa karibu sentimita 15 na kimo karibu kilekile, hivyo ikiwa imefungwa lenzi iliyolazwa, hata uigeuzeje haitaingia kwenye kina cha 13. Zipu itafungwa kwa nguvu, ndiyo, lakini kamera itakuwa inasukumwa na kifuniko njia nzima. Bodi ndogo iliyofungwa gripu ya betri chini yake ina tatizo hilohilo.

Urefu nao una mtego wake. Watu husema "nina 70-200" kana kwamba ni kipimo cha urefu wa lenzi yenyewe. Canon EF 70-200 f/2.8 ya toleo la tatu ina milimita 199. RF ya f/2.8, ile inayojivuta mbele ukikuza, ina milimita 146 ikiwa imefungwa. Ya Nikon Z ina milimita 220. Tofauti ya sentimita 7 kati ya lenzi mbili zenye jina moja inatosha kufanya begi alilosifia rafiki yako lisikufae wewe. Pima lenzi ikiwa imefungwa kwenye bodi, kofia yake ya kuzuia mwanga imegeuzwa nyuma, kutoka kwenye kitundu cha kuchungulia hadi mwisho wa lenzi, kisha ongeza sentimita moja. Kofia iliyogeuzwa huongeza unene pia, na hapo ndipo kigawanyo, yaani ukuta wa sponji wa ndani ya begi, ulichokibandika kwa ustadi nyumbani kinapokataa.

Namna kamera inavyokaa ndani ni muhimu kuliko idadi ya mifuko. Bodi yenye lenzi fupi ikisimama lenzi chini, mabega ya bodi yakae juu ya vigawanyo viwili, lenzi isiguse sakafu ya begi. Ikigusa, kila tuta la barabarani linapiga lenzi, na kishindo kinapanda hadi kwenye mlango wa lenzi, pale inapojifungia kwenye bodi. Lenzi nzito ikilazwa, weka kipande cha sponji chini ya tumbo lake ili isiining'inie bodi. Halafu tazama kama kigawanyo kinagusa swichi ya kuwasha. Betri nyingi "mbovu" zimekufa hivyo: kamera iliwashwa na begi, ikakaa macho kutwa.

Kuhusu mlango wa begi nina msimamo mkali. Begi la mgongoni linalofunguka upande wa nje ni zawadi kwa kibaka wa kwenye daladala au matatu. Umesimama, umebanwa, na zipu iko nyuma yako. Linalofunguka upande wa mgongoni halifunguliki ukiwa umelivaa. Kuna faida nyingine ambayo matangazo hayaitilii mkazo. Begi la kufunguka nje ukilifungua chini, unalilaza kwa mikanda yake kwenye tope, kisha unaivaa mikanda ileile juu ya shati jeupe. La kufunguka mgongoni linalala kifudifudi, uchafu unabaki nje. Hasara yake ni kwamba hutatoa kitu haraka ukiwa umesimama. Kwa hiyo ukumbini weka begi mahali salama, vaa mkoba mdogo wa begani wenye lenzi moja, flashi na betri mbili, uendelee na kazi.

Kitambaa. Lebo ikisema 600D (D ni kipimo cha unene wa uzi) ni poliesta ya kawaida, inatosha kwa mtu wa mjini. Naili ya 1000D hustahimili msuguano wa sakafu ya gari na mawe, ila huongeza uzito. Kwa hali ya hewa ya pwani, geuza begi uangalie bitana na upande wa ndani wa kitambaa. Ile tabaka ya poliyurethani inayozuia maji huoza taratibu kwenye joto na unyevu: huanza kunata kama gundi, kisha hubanduka ungaunga, na unga huo huangukia kwenye lenzi. Begi la mtumba zuri machoni mara nyingi limefika hatua hiyo. Pitisha kidole ndani ya mfuko wa chini kabisa. Kikinata, liache, hata kama nembo yake ni kubwa. Napenda pia bitana ya kijivu au ya rangi ya chungwa, maana kifuniko cheusi cha lenzi kwenye bitana nyeusi saa tatu usiku hakionekani.

Zipu ndiyo hufa kwanza. Nyuma ya kishikio mara nyingi pameandikwa namba. Zipu kubwa ya begi iwe ya 8 au 10, na 5 iachiwe mifuko midogo. Tazama kona: zipu inayopinda ghafla itapasukia hapohapo, yenye kona ya duara hudumu. Kichwa cha zipu cha chuma hushikwa na chumvi ya bahari, kwa hiyo baada ya kazi ya ufukweni futa zipu kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, iache ikauke, kisha pitisha kipande cha mshumaa juu ya meno. Mafuta usitumie, yanashika mchanga.

Mkanda wa bega nao hauhitaji utaalamu kuukagua. Pale unaposhonwa juu ya begi pawe na mshono wa mraba wenye msalaba katikati, au mistari mifupi mizito ya uzi iliyorudiwa. Mstari mmoja mwepesi utafumuka, kwa sababu sote tunanyanyua begi kwa mkanda mmoja na kulirusha begani. Fundi wa mabegi ataurudia kwa nusu saa ukimpelekea mapema. Ukisubiri kitambaa kichanike, atabandika kiraka.

Mvua. Kifuniko cha mvua kinachotoka chini ya begi ni kizuri kikiwa na tundu la kutolea maji. Maji hupita kati ya mgongo wako na begi, hushuka, hujaa kwenye kifuniko chini, na begi hukaa ndani ya kidimbwi lilichojibebea lenyewe. Zamani watu waliweka mifuko ya plastiki kama kinga ya pili. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, kwa hiyo nunua mfuko wa turubai jepesi unaokunjwa mdomo, kama wanaotumia wavuvi na wapiga mbizi.

Na tafadhali, begi si kabati. Sponji na kitambaa hushika unyevu, giza lipo, hewa haipo: kuvu hana nyumba nzuri zaidi ya hiyo, na akishachora nyuzi zake ndani ya lenzi huwa anakula hata rangi ya kinga juu ya kioo. Ukirudi nyumbani toa vifaa, acha begi wazi, weka lenzi kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana pamoja na silika jeli (vijipakiti vya kunyonya unyevu) na kipimo kidogo cha unyevu. Asilimia 40 hadi 50 ni pazuri. Mchele acha kwenye sufuria, vumbi lake ni balaa jingine.

Betri za akiba kwenye ndege ziende mkononi, kamwe zisiingie kwenye mzigo wa chini. Chini ya wati-saa 100 kwa kawaida hazina maswali, na betri ya AD200 haifiki hata 42. Pawabenki ya mAh 30,000, ukizidisha kwa volti 3.7 na kugawa kwa 1,000, ni wati-saa 111, na hapo unahitaji kibali cha shirika. Funika vichwa vya betri. Betri iliyo wazi ikikutana na funguo au sarafu mfukoni huchemka.

Asiye na bajeti nampa njia ninayoiona bora hata kwa mwenye nayo. Nunua mkeka wa mazoezi wa EVA (aina ya sponji ngumu) wenye unene wa milimita 10 na begi imara la shule. Kata sakafu moja na kuta nne, kila ukuta uwe mfupi kwa sentimita moja kuliko begi ili zipu ipite bila kubanwa. Fundi azivike kitambaa laini ambacho velkro inashika, aunganishe kuta kwa mshono, kisha kata vigawanyo vitatu au vinne na ushone velkro ncha zote mbili. Vigawanyo vya kuzunguka 70-200 vifanye vya tabaka mbili, la sivyo vitapinda. Usikubali fundi akuwekee sponji ya godoro: inanyonya maji na ikikandamizwa miezi michache inabaki karatasi. Ukimaliza una begi ambalo kwenye basi la mwendokasi linaonekana limebeba madaftari.

Kwa wanaokwenda mbugani, rangi si urembo. Mbung'o hufuata bluu iliyokolea na nyeusi. Hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Chukua kaki au kijivu. Madoadoa ya kijeshi usiyaguse kabisa, kwa sababu Kenya, Uganda na Tanzania raia haruhusiwi kuvaa sare za namna hiyo, na begi la hivyo linaweza kukuletea maswali getini.

Ukienda kununua begi Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, nenda na vifaa vyenyewe, siyo picha zake kwenye simu. Vipange, funga zipu kwa mkono mmoja, lisimamishe begi sakafuni uone kama linaanguka, livae utembee dakika kumi ukitazama bidhaa nyingine. Muuzaji asiyekubali ujaribu hivyo, duka la pili liko hatua ishirini.