Mtoto wa muuaji aambiwe lini?

Familia nyingi za Nyanda za Juu Kusini zina desturi ambayo hakuna aliyeikalia kikao: baba akikamatwa kwa kuua, mtoto ahamishwe. Wa Rungwe anapelekwa kwa mjomba Tunduma, wa Kilolo kwa shangazi Makambako, na kabla hajafika ameshapewa jibu la kuwajibu wenzake. Baba yuko machimboni Chunya. Au baba alishafariki. Wachache wanaomweleza mtoto ukweli, wengine hata kumpeleka Gereza la Ruanda pale Mbeya akamwone mzazi wake, huambiwa hawana huruma. Naona wanaonewa.

Wanaoficha nao wana sababu, tena nzito. Anayekumbuka Njombe mwanzoni mwa 2019, watoto walipokuwa wakitekwa na kukutwa wameuawa, anajua hasira iliyokuwa mitaani na jinsi neno ushirikina lilivyotosha kumtia mtu mashakani. Katika hali kama ile, kumwondoa usiku mtoto wa mtuhumiwa na kulinyamazia jina lake ni kumwokoa. Hata pasipo na mawe, kuna posa. Mshenga anaulizia ukoo: kuna uchawi, kuna kuua? Na methali ya mtoto wa nyoka ni nyoka husemwa kilabuni bila mtu kuona haya. Ndugu wa marehemu nao wana uchungu ambao hakuna hoja yangu inayoufikia.

Kuna familia ngumu kuliko zote, ile ambayo baba amemuua mama. Mtoto analelewa na bibi mzaa mama, na kila akikua anazidi kufanana na aliyemuua binti yake. Kumwambia bibi huyo, "Mama, mweleze mjukuu wako," ni kumtaka amzike bintiye mara ya pili. Sina ujasiri wa kumlaumu akinyamaza.

Lakini kimya hicho kilifaa zamani, siri ilipokuwa ya kijiji na kijiji kilikuwa mbali. Leo hukumu za Mahakama Kuu, za Mbeya na za Iringa zikiwemo, zinawekwa kwenye tovuti ya TanzLII na kila mwenye simu anazisoma bure. Kijana wa kidato cha tatu anaandika majina matatu ya baba yake kwa udadisi tu, na inatokea Jamhuri dhidi ya baba yake. Ndani kuna kila kitu: panga lilikuwa wapi, jirani alisikia nini, daktari aliyeuchunguza mwili alihesabu majeraha mangapi. Wakati mwingine kuna shahidi mtoto, na msomaji anatambua kwamba shahidi huyo ni kaka yake mkubwa. Yote kwa Kiingereza cha mahakamani, ambacho kwa bahati mbaya anakielewa vya kutosha. Anasoma peke yake, bwenini au chumbani kwa mjomba, kisha anakaa mezani na watu walewale waliomwambia baba yuko Chunya. Kuanzia hapo atawauliza nini, na wakimjibu atawaamini vipi?

Asipokutana nayo kwenye simu, atakutana nayo kwenye fomu. Cheti cha kuzaliwa kina jina la baba. Maombi ya mkopo wa chuo yanauliza baba yu hai au amefariki, na kama amefariki yanataka cheti cha kifo. Familia iliyomzika mtu aliye hai itakitoa wapi? Maana aliyehukumiwa kunyongwa siku hizi hanyongwi. Tangu katikati ya miaka ya 1990 kitanzi hakijatumika nchini. Desemba 9, 2017 Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 61 waliokuwa wakisubiri kunyongwa. Marehemu wa namna hiyo anaweza kubisha hodi.

Wapo wasioweza kuficha hata wakitaka. Krismasi ya 1971 Said Mwamwindi, mkulima wa Isimani, alimpiga risasi na kumuua Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, wakati wa joto la vijiji vya ujamaa, kisha akajisalimisha polisi. Alihukumiwa kunyongwa, na nchi nzima ikalijua jina lake. Miaka ya 2010 Mstahiki Meya wa Manispaa ya Iringa aliitwa Amani Mwamwindi, na mji huohuo una chuo cha ualimu chenye jina la Klerruu. Najua nitakachoambiwa: Mwamwindi alikuwa na waliomwona shujaa, na aliyemkata mkewe panga hana. Ni kweli. Hata hivyo majina yote mawili yametamkwa hadharani Iringa muda wote huu, na mji haujasambaratika.

Anayesema mapema ana faida nyingine: anaweza kusema kwa usahihi. Kesi ya mauaji haina dhamana. Mtuhumiwa hukaa mahabusu huku upelelezi ukiambiwa haujakamilika, na wengine mwishoni hutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, au huachiwa. Mtaa hausubiri hayo yote. Siku ya kwanza tu mtoto anakuwa wa muuaji, na hukumu ikibadilika hakuna anayerudi kumfutia. Ni nyumbani tu anapoweza kuambiwa: baba anashtakiwa, bado hajahukumiwa, na wewe hukufanya kitu.

Mtu akishatiwa hatiani, wakili huinuka kuomba huruma: mteja wangu ana mke na watoto wanne wanaomtegemea. Katika kesi nyingi hapo ndipo watoto hutajwa kwa mara ya kwanza, tena kwa idadi, na kwa kuua kwa kukusudia maombi hayo hayabadilishi kitu kwa sababu adhabu kisheria ni moja. Sheria ya Mtoto ya 2009 inazipa serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto katika eneo lao. Sentensi ile ya wakili ingetosha kuwa barua kwa afisa ustawi wa jamii: watoto hao wanne wako wapi, wanaishi na nani, na wameambiwa nini.