Mwenye gari jeupe ndiye mimi

Haya. Kwa kuwa swahiba wangu keshaniweka kwenye status, eti nimelewa nikavamia khutba ya Ijumaa, na watu wa Muheza wananipigia wakicheka hata salamu hawajatoa, bora niseme mwenyewe. Sikuvamia khutba. Sikulewa. Nilikuwa natengeneza saa.

Saa ya kwenye dashibodi ya kigari changu ilizimika Alhamisi, natoka Pangani na Shangazi, pale Tongoni. Redio nayo kimya, vioo vya pembeni havichezi. Mwenye akili zake angeangalia fyuzi. Mimi usiku nikatazama video mbili, nikaamka fundi umeme: toa kichwa cha betri, subiri dakika kumi, rudisha, kila kitu kinakaa sawa. (Msinicheke, na nyie pasi zenu mlizifungua wenyewe tukaona matokeo.)

Ijumaa nampeleka Shangazi Makorora, nikasema nipitie kuswali hapa Ngamiani, Tanga mjini. Watu wameshatandika mikeka mpaka nje. Nikapaki chini ya mwarobaini, nikatazama simu, nikaona dakika kumi ninazo. Kanzu imepigwa pasi, mkononi spana namba 10. Sura ya mtu asiyejua kinachomjia.

"Shangazi, ukiona saa imewaka nigongee kioo."

"Haya mwanangu."

Funguo nikaiacha kwenye swichi ili saa iwake palepale. Vioo vimepandishwa, Shangazi hataki vumbi. Nikatoa hasi, nikasubiri, nikarudisha, nikakaza, nikabamiza boneti kwa madaha, pa!

Taa za pembeni zikakonyeza mara moja. Milango yote minne ikajifunga, taka! Pakapita kimya kidogo, na ndani ya kile kimya nikamsikia khatibu: "Alhamdulillahi…" Ndipo king'ora kilipoanza.

Na kile king'ora jamani si cha kuja na gari. Alikifunga mwenye gari wa kwanza, Dar huko, kina milio sita, kinaipiga kwa zamu kama bendi ya harusi.

Safu za nje zote zikageuka. Sasa asiyeijua Ijumaa hapa hatanielewa: khatibu akishaanza, husemi. Hata kumwambia mwenzio "nyamaza" ni laghwi, yaani maneno ya upuuzi. Kwa hiyo hakuna aliyenitukana. Wallahi ningewalipa wanitukane. Ni macho tu. Mtoto mmoja mstari wa nyuma kachukua ndala za babake, kaziba nazo masikio, moja kulia moja kushoto, ananitazama.

Rimoti iko kwenye funguo, funguo iko ndani. Betri iko chini ya boneti, na cha kuvutia boneti kiko ndani. Nilichobaki nacho duniani ni Shangazi. Nikamwonyesha kwa kidole kupitia kioo: kitasa, vuta kitasa! Akaitikia kwa kichwa. Akafunga mkanda.

Nikaonyesha tena, mikono miwili. Akanipungia.

Tukaingia mlio wa nne, ule wa ambulensi. Spika ya msikiti ikanyamaza. Jasho lililonitoka hapo, kanzu ilinigandia mgongoni kama karatasi ya mkate wa kumimina. Kati ya watu wote pale ni khatibu peke yake mwenye ruhusa ya kusema, na akasema, taratibu, kwa upole, Ngamiani nzima ikisikia:

"Mwenye gari jeupe… tunakuombea."

Shangazi kusikia gari jeupe akaona anapitwa na habari. Akafungua mlango, akatoa kichwa: "Mwanangu, nani huyo?"

Nikazima. Nikaswali safu ya mwisho kabisa, grisi kifuani, na baada ya salamu sikungoja mtu anishike mkono. Saa haikuwaka.

Jioni fundi wa kweli hakumaliza hata soda yake. Fyuzi ya ampea 15 imekatika. Akamulika kwenye tundu la kuchajia simu: sarafu ya hamsini imelala upande humo ndani, inagusa katikati na ubavuni, shoti safi. Akaichomoa kwa koleo, akapachika fyuzi mpya ya bluu, saa ikawaka, 1:00. Saa saba. Wakati uleule wa khutba! Hata gari linanisuta.

Shangazi akainamia mkono wa fundi, akamtazama yule faru wa kwenye sarafu, uso ukamng'aa.

"Ee, si hamsini yangu hii! Niliiweka humo isipotee, tangu Tongoni."

Akaichukua, akaifunga kwenye pindo la khanga.