Mercedes ya zamani, bushi gani?

Ukiwa na Mercedes W123 hapa Malindi, zile za 1976 hadi 1986, itafika siku utasikia kitu kinagonga chini kila ukipita tuta, na ukikanyaga breki gari linavuta upande. Bushi zimekwisha, yaani vile vipande laini vinavyokaa kwenye maungio ya mikono, vyuma vinavyoshikilia magurudumu. Ubishi wa gereji huanzia hapo: ufunge za mpira kama zilivyotoka kiwandani, au za poliyurethani, ile plastiki ngumu kuliko mpira?

Wanaopenda poliyurethani wana hoja nzito. Haiogopi oili, inadumu, na nyingi huja vipande viwili ambavyo fundi huvitia bila presi, ile mashine ya kusukumia bushi kwa nguvu. Isitoshe, mpira wa siku hizi ni wa kubahatisha. Bandia zimejaa madukani, na hata bushi halisi ikikaa stoo miaka mingi hukauka na kupasuka kabla haijaona barabara. Aliyefunga mpira mbovu mara mbili ndani ya mwaka simlaumu akihama.

Hata hivyo mimi nashikilia mpira, na sababu ni bodi. Mpira umegandishwa kwenye bomba la chuma. Mkono wa gurudumu ukipanda na kushuka, mpira unajisokota, na unakubali pia kulala upande kidogo. Mikono ya nyuma ya W123 imewekwa mshazari, kwa hiyo bushi zake haziwezi kukwepa kulala huko. Ukizifanya ngumu kwa poliyurethani, mshtuko unahamia kwenye vishikizo vya mikono na kwenye bodi, na gari lililokula upepo wa chumvi hapa pwani huwa limeoza sehemu hizo hizo. Bushi inanunulika, bodi ya W123 utaitoa wapi? Poliyurethani naikubali kwenye stebilaiza ya nyuma, fimbo inayopunguza gari kulala kwenye kona, tena kwa grisi ya silikoni, la sivyo itapiga kelele mpaka Mombasa.

Mikono yenyewe haina ubishi mwingi. Wa juu wa mbele huja pamoja na bolijointi yake, kile kiungo cha duara kwenye ncha, ikilegea unabadilisha wote. Wa chini wa asili ni chuma kizito: kama haujapinda wala kutobolewa na kutu, upeleke kwenye presi utiwe bushi mpya, usiutupe kwa ajili ya wa bei rahisi. Ukiwa umeoza, basi hata huo wa bei rahisi ni afadhali, maana ukikatika njiani gurudumu linalala.

Ila kosa linaloua bushi nyingi za mpira ni la ufungaji. Bolti zinakazwa gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yakining'inia. Likishushwa, mpira unabaki umesokotwa hata gari likiwa limeegeshwa, na hauchukui muda kuchanika. Zikazwe kabisa gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake, ndipo liende kupimwa alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu. Kabla ya kuhamia poliyurethani, muulize fundi wako alizikaza vipi zile zilizochanika.