Mama mdogo ni wa jiji, mimi ni wa kijijini

Mama mdogo wangu anakaa Hombolo, kama kilomita 40 kutoka katikati ya Dodoma. Analima mtama na zabibu. Agosti 2022, siku mbili baada ya mkesha wa sensa, nilimkuta shambani akivuna. Karani wa sensa alikuwa amekaa juu ya kreti lililopinduliwa, kishikwambi mapajani, na kila baada ya maswali mawili matatu alifuta vumbi kwenye kioo kwa ncha ya shati. Mama mdogo alimjibu huku mkasi ukiendelea kukata vichala. Mbuzi wangapi, maji yanatoka wapi, nani alilala hapa usiku ule. Walipomaliza, alikuwa ameingia kwenye hesabu ya wakazi wa Jiji la Dodoma. Kijiji hana: eneo lote la halmashauri ya jiji limegawanywa kwa kata na mitaa, kwa hiyo katikati ya mizabibu yake kuna mwenyekiti wa mtaa.

Mimi nalala Buigiri. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nakuwa barabarani nikisubiri Coaster. Tunapita Chamwino, tukifika Mtumba nusu ya gari inashuka, watu wa wizarani wenye vitambulisho shingoni. Wengine Ihumwa, wengine Nanenane, tunaobaki tunaishia mjini. Kazi yangu iko mjini, sokoni kwangu ni mjini, watoto wakiumwa nawapeleka mjini. Sensa imenihesabu Wilaya ya Chamwino. Na si mimi peke yangu niliyeko upande huu wa mpaka, hata Ikulu ya Chamwino iko huku, nje ya jiji.

Sina shaka na kazi ya makarani. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 Dodoma Mjini. Ya 2022 ikakuta 765,179. Ni ongezeko la asilimia 86 kwa miaka kumi, na anayeishi hapa hahitaji kuthibitishiwa: serikali ilianza kuhamia kwa nguvu 2016, Dodoma ikatangazwa kuwa jiji 26 Aprili 2018, na vichaka vya Mtumba vikageuka Mji wa Serikali mbele ya macho yetu. Kinachonikera ni namna tunavyozichukua namba hizi na kuzipambanisha na za miji mingine bila kuuliza mpaka umepita wapi.

Chukua ubishi wa Dodoma na Mwanza, ambao kila kijiwe kinao. Ukisoma jedwali la halmashauri, Dodoma inaishinda Mwanza kwa mbali, maana Jiji la Mwanza lina watu kama 595,000 tu. Lakini jiji hilo kwenye karatasi ni Nyamagana peke yake. Ilemela ni manispaa nyingine, yenye watu zaidi ya 509,000, na uwanja wa ndege wa Mwanza uko huko huko Ilemela. Mtu anatoka Ilemela kwenda kazini Nyamagana bila kuona kwamba amevuka kitu. Ukiziunganisha unapata watu milioni 1.1, na ubishi umekwisha. Sisi tumemweka mama mdogo na shamba lake ndani, wao wamegawa mji mmoja mara mbili, halafu tunalinganisha.

Nairobi nayo ni hivyo hivyo. Kaunti ya Nairobi ina kilomita za mraba 696, na sensa ya 2019 ilikuta humo watu 4,397,073, bila kuwagusa wanaolala Ruiru, Kitengela au Ongata Rongai na kuamkia kazini Nairobi. Jiji la Dodoma lina zaidi ya kilomita za mraba 2,600, karibu mara nne ya Nairobi. Ukigawa watu wetu kwa eneo hilo, kilomita moja ya mraba inapata watu chini ya 300. Wastani huo haumwelezi anayepanga chumba Chang'ombe ya hapa mjini, wala haumwelezi wa Hombolo. Hauelezi mahali popote.

Wataalamu wa takwimu duniani wameliona tatizo hili. Mwaka 2020 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ilikubali kipimo kinachoachana na mipaka ya halmashauri: nchi inagawanywa kwa miraba ya kilomita moja, miraba inayopakana yenye watu 1,500 au zaidi kila mmoja inaunganishwa, na ikifikisha watu 50,000 inaitwa jiji. Kipimo hicho kilipotumika kwenye ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2025 kuhusu miji, Jakarta, iliyokuwa ikiandikwa kama milioni 11, ilipanda hadi karibu milioni 42 na kuipita Tokyo. Hakuna watu milioni 31 waliohamia Jakarta kwa mkupuo. Walikuwepo siku zote, upande wa pili wa mstari.

Kwetu, fundisho kubwa zaidi ni Dar es Salaam. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya 2018 yalitarajia jiji hilo liwe na zaidi ya milioni 7 ifikapo 2022, na namba hiyo ikasambaa kote mitandaoni. Sensa ikakuta 5,383,728. Nakumbuka watu walivyosema wamehesabiwa vibaya. Lakini tazama jirani: Mkoa wa Pwani, uliokuwa na watu karibu milioni 1.1 mwaka 2012, ulifika zaidi ya milioni 2 mwaka 2022. Makadirio yaliizidisha Dar, hilo ni kweli, lakini sehemu ya ukuaji ilikuwa imeruka mpaka na kwenda kujenga Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo, ikahesabiwa kama ukuaji wa Pwani.

Naogopa hilo linatukuta sisi. Barabara ya Morogoro upande wa Buigiri kila mwezi naona mawe ya mipaka mapya na tofali mpya, na wengi wanaojenga ni watu wa ofisi za mjini, waliokimbia bei za viwanja. Nilipokwenda kuuliza habari za maji kwenye ofisi moja, kijana wa dirishani alifungua ramani, akaweka kidole kwenye mstari, akaniambia niko nje ya mpango wa jiji. Hakuwa na kosa, mpango wake unafuata mstari. Lakini asubuhi iliyofuata mimi na majirani zangu tulikuwa kwenye Coaster ile ile, tunakwenda kuijaza barabara ya jiji lake.

Tena sensa yetu huhesabu watu walipolala usiku mmoja wa Agosti, wakati wanafunzi wengi wa vyuo vya hapa wako likizo kwao. Dodoma ya Novemba ni nyingine kabisa.

Ninachoomba hakihitaji kubadili mpaka wowote. Jiji libaki lilivyo, mama mdogo abaki na mwenyekiti wake wa mtaa. Ila takwimu za Dodoma zinapotangazwa, ziwekwe safu tatu pamoja: jiji kwa mpaka wa halmashauri, mji uliojengwa kwa ile miraba ya kilomita moja, na mji wa kila siku, wa wanaoingia asubuhi na kutoka jioni kutoka Chamwino na Bahi. Hizo safu mbili za mwisho zianze kukusanywa sasa, si 2032, kwa sababu ikifika 2032 nyumba za Buigiri zitakuwa zimeshajengwa, na mabomba yatatafuta njia ya kupita kati ya kuta za watu.